Usipige fila msasa wa maji, tafadhali

Wiki hii niko na pikapu ya Peugeot 504 ya mzee mmoja wa Ahero, gari ambayo watoto wake wote wamejifunzia kuendesha. Kila akija kuiangalia anagusa fenda kwanza kabla hajanisalimia, alafu anaanza stori ya vile 504 ilichukua Safari Rally 1975 na ikarudia tena 1978. Namwachia amalize. Anataka rangi ileile nyeupe na anataka ikae. Hilo neno "ikae" ndilo limenifanya niandike leo, juu rangi kukaa au kutokaa inaamuliwa na praima, ile rangi ya chini, na msasa, siku mbili tatu kabla hujafungua hata kopo la rangi.

Mimi nilifunzwa hivyo na Probox moja ya silva. Kazi nilijifunzia Nakuru, na kule shida yetu kubwa ilikuwa vumbi, unapuliza asubuhi na upepo ukianza saa tano unakuta mlango umeota mchanga. Sasa tulikuwa tunapiga fila, ile dongo ya kujazia mabonde ya bodi, msasa wa maji, kila mtu, juu maji yanalaza vumbi na msasa haujai haraka, na fila inatoka laini kama sahani. Nikahamia Kisumu na mazoea hayohayo. Mwezi wa nne, mvua iko kila jioni, mama mmoja anayesafirisha samaki akaniletea Probox imegongwa ubavu, nikainyoosha, nikaweka fila, nikapiga msasa na ndoo ya maji kando, nikafuta na kitambaa, nikaona imekauka, nikapuliza praima ya bei rahisi, kesho yake rangi. Ilitoka ikimeta. Baada ya wiki sita hivi mama akarudi, hakupiga kelele, alisema tu, "Kijana wangu, gari imeota upele."

Nikapasua kipele kimoja na ukucha. Kikatoa tone la maji. Chini yake fila ilikuwa imelegea, na chini ya fila mabati yalikuwa na rangi ya chungwa. Hilo tone sijalisahau mpaka leo. Fila ni gundi ya poliesta imechanganywa na unga wa talki, na huo unga unakunywa maji kama mkate. Ukiifuta juu inaonekana kavu lakini ndani imebeba, alafu wewe unakuja unaifunika na praima, jua la Kisumu linapiga mlango, maji yanageuka mvuke na yanatafuta pa kutokea. Yasipopata yanainua rangi. Na yale yaliyobaki chini yanakula chuma polepole. Niliirudia ile gari yote kwa pesa yangu, na ilikuwa haki yake.

Kwa hivyo sasa fila napiga kavu. Vumbi ni jingi, ni kweli, vaa maski na ufagie mara kwa mara, lakini ndoo ya maji haikaribii fila.

Nirudi kwa hii 504. Nilipoitoa rangi ya zamani nikafika kwa chuma kitupu, kitu cha kwanza nilichopuliza ni praima ya epoksi, siku hiyohiyo. Huku ziwani ukiacha chuma kitupu kilale usiku mmoja, asubuhi unapata kimeshaanza kugeuka rangi, ukipitisha kidole kinatoka na unga mwekundu. Epoksi inashika chuma vizuri na inazuia unyevu kuliko praima zingine zote ninazotumia, alafu fila unaweza kuiweka juu yake ukishaikwaruza kidogo na msasa. Kuna wenye wanapenda ile praima ya asidi, na inashika chuma kweli, shida inakuja ukiweka fila juu yake. Asidi inasumbua fila isigande sawasawa na baadaye inabanduka. Kama umeanza na asidi, soma kopo uone watengenezaji wanataka nini kifuate, usikisie.

Juu ya fila sasa ndipo watu wengi wanaponunua ile praima ya 1K, ya kopo moja, juu ni rahisi na haitaki hadina, ile dawa ya kugandisha. Naelewa, mteja amekuja na bajeti yake na wewe unataka kubakia na kitu. Lakini 1K inakauka kwa thina kupotea hewani, basi, na ukipuliza rangi juu yake thina mpya inairegeza tena. Inafura, unapuliza, inang'aa, mteja anaenda, alafu thina ikishatoka yote inashuka chini na kulala ndani ya mikwaruzo ya msasa. Baada ya mwezi mistari yote inaonekana, hasa kwa silva. Ile Probox ilikuwa na hiyo pia, zaidi ya upele. Praima ya 2K, ya makopo mawili, inaganda kwa hadina, ikishaganda thina haiirudishi nyuma. Nyingi ninazotumia ni vipimo vinne vya praima kwa kimoja cha hadina, lakini kila kopo lina yake na imeandikwa, na ukipima kwa macho utakuja kulia. Mimi nina kikombe cha plastiki chenye mistari, cha bei ya soda, na sikopeshi mtu.

Hapa niseme kitu kwa vijana wanaofunga leso mdomoni. Hadina ya 2K ina isosayaneti, na hiyo ukiivuta mara nyingi inaweza kukuletea pumu isiyotoka, ikifika mahali hata harufu kidogo tu inakufunga kifua. Leso haizuii. Maski ya karatasi ya vumbi haizuii. Tafuta ile yenye makopo ya mkaa pembeni, ubadilishe makopo kwa wakati, na upulizie mahali hewa inapita. Mimi kijana wangu nikimkuta na leso namtoa, hata kama mteja anangoja.

Kabla ya kupuliza nafuta panel, yaani kipande cha bodi, na dawa ya kutoa grisi, kitambaa kimoja kinapaka, kingine kikavu kinafuta kabla haijakauka yenyewe. Ile mafuta ya kung'arisha tairi ina silikoni na ikifika kwa panel, rangi inakimbia pale na kuacha vishimo vya mviringo. Alafu koti mbili au tatu za 2K, nangoja kama dakika kumi katikati, koti ya kwanza iishe kumeta ndio nije na ya pili. Ukizirundika haraka thina inafungiwa ndani. Na usipulize jioni hapa, unyevu unapanda, na wale wadudu wadogo wa ziwa wakiona taa wanakuja wote wanalala kwa praima mbichi, utawatoa mmoja mmoja na pini.

Msasa sasa. Namba ndogo ni msasa mkali, kubwa ni laini. Fila nilianza na P80 kuishusha, nikaenda 120, nikaenda 180, pembeni pale rangi ya zamani inapokutana na chuma nikapitisha 240 mpaka kidole hakisikii ngazi. Usiruke kutoka 80 uende 240 juu una haraka, mikwaruzo ya 80 inabaki chini na praima haiwezi kujaza kila kitu. Na angalia hiyo herufi P nyuma ya karatasi. Kuna msasa wa kipimo cha Marekani hauna P, na 600 ya huko ni laini karibu kama P1200, kwa hivyo unaweza kudhani unashusha kumbe unapangusa tu.

2K ikilala usiku mzima, asubuhi nachukua rangi nyeusi ya kopo, ile rahisi kabisa, napuliza kwa mbali, vumbi tu, panel inakaa kama imenyeshewa masizi. Hapo ndio napenda hii kazi. Unachukua bloku, kile kibao cha kushikia msasa, na P400, unaenda kwa mshazari kushoto, unarudi mshazari kulia, na ile nyeusi inaanza kukuambia ukweli. Palipoinuka panasafika kwanza, bonde linabaki jeusi, na kila kikwaruzo kinabaki kama uzi. Usitumie vidole kuchimba pale peusi, utaongeza bonde, nenda na bloku kwa upana. Ukiona chuma kimeanza kuchungulia, simama hapohapo, paka epoksi kidogo na urudie 2K. Kwa nyeupe kama hii 400 na 500 inatosha, ikiwa silva au metaliki naenda hadi 600, juu hizo zinaonyesha kila mstari.

Alafu fumba macho upitishe kiganja, mkono mzima, ndani ya kitambaa chembamba. Mzee nilimwambia afanye hivyo jana kwa mlango wa kulia, akafumba kweli, akapitisha kutoka bawaba mpaka kwa kitasa, akanyamaza, akapitisha tena. Wa kushoto akasimama katikati akasema, "Hapa, fundi." Na ni kweli, kuna bonde la upana wa sarafu chini ya kitasa, nililipita. Leo mvua imeanza saa nane kwa hivyo sijapuliza kitu, nimeupitishia P180 kavu tu na kuufunika. Kesho kukiwa na jua naweka fila kidogo pale, naanza na 120.