Kutayarisha Mchoro wa Kompyuta kwa Ajili ya Kuchapwa

Wengi wetu tunaochorea kwenye tableti hapa Kisumu huanza kuufikiria uchapaji mchoro ukiwa umeshakamilika na mteja ameshatanguliza malipo. Kwa maoni yangu, wakati huo tumeshachelewa, kwa kuwa ukubwa wa picha na rangi zake ni mambo yanayopaswa kuamuliwa kabla mstari wa kwanza haujachorwa.

Tuanze na ukubwa. Picha ya kuning'inizwa ukutani, ambayo mtu ataitazama kwa karibu, huhitaji pikseli 300, yaani vitone 300 vya rangi vinavyounda picha, kwa kila inchi ya karatasi. Karatasi ya A3 ina milimita 297 kwa 420, kwa hiyo mchoro wake unapaswa kuwa na pikseli 3508 kwa 4961. Mchoro wa mraba wenye pikseli 1080 kila upande, ambao hupendeza sana kwenye simu, ukichapwa kwa kiwango hicho hautazidi upana wa sentimita 9 hivi. Wapo wanaodhani kwamba kubadilisha tarakimu ya pikseli kwa inchi kutoka 72 iwe 300 katika programu kunatosha. Hakutoshi, kwa sababu pikseli zinabaki zilezile, na ukiilazimisha programu iongeze nyingine, itakisia tu na kingo za mchoro zitalegea. Bango la kutundikwa juu ya barabara ni habari nyingine, kwani hutazamwa kwa mbali na pikseli 100 kwa inchi humtosha mchapaji.

Rangi ndiyo inayowatesa watu zaidi. Kioo cha tableti hutoa mwanga wake chenyewe, kwa kuchanganya nyekundu, kijani na bluu, ilhali karatasi hutegemea mwanga unaoiangukia na wino wa samawati, majenta (wekundu wa waridi iliyokolea), manjano na mweusi. Zipo rangi ambazo kioo kinaziweza na wino huo hauziwezi kabisa. Chukua mandhari ya Dunga, ufuko wa ziwa hapa Kisumu, wakati wa jioni: kijani kikali cha gugu maji hufifia kinapochapwa, machungwa ya machweo hupoa, na bluu nzito ya ziwa huweza kutoka ikiwa zambarau. Hilo la bluu lina sababu yake, nayo ni kwamba samawati na majenta zikikaribiana kwa kiwango, majenta huishinda mwenzake. Ukitaka bluu ibaki bluu, shusha majenta hadi iwe chini ya samawati kwa asilimia 30 hivi. Programu nyingi kubwa za kuchorea zinaweza kukuonyesha mapema jinsi rangi zitakavyoonekana kwenye karatasi, nami huona ni busara kuchora huku nikirejelea mwonekano huo mara kwa mara.

Hata hivyo, usikimbilie kubadilisha faili nzima kuwa ya wino nne kabla ya kumuuliza mchapaji, kwa maana baadhi ya mashine za kuchapia picha za sanaa zina wino zaidi ya nne na hupendelea faili ya rangi za kioo. Maandishi madogo meusi yawe ya wino mweusi peke yake, kwani wino nne zikipishana hata kidogo tu, herufi hupata kivuli. Ikiwa mchoro unafika hadi ukingoni, ongeza milimita 3 kila upande ili kisu cha kukatia kisiache mstari mweupe.

Faili usiitume kama picha ya kawaida ya WhatsApp, kwa sababu hubanwa na kupoteza pikseli nyingi ulizozihangaikia. Itume kama hati, au ipeleke mwenyewe kwenye flashi, ikiwa PDF yenye fonti, yaani maumbo ya herufi ulizotumia, ndani yake.

Mwisho, dai sampuli. Mchapaji mwenye haraka atakwambia "itatoka tu", lakini nakala moja, iliyochapwa kwenye karatasi ileile itakayotumika, hugharimu kidogo kuliko nakala mia zisizouzika. Isiwe kwenye karatasi ya kawaida ya ofisini, ambayo hunyonya wino na kuzifanya rangi zififie. Iache ikauke, kisha itoe nje ya duka uitazame kwa mwanga wa mchana, mbali na taa ya dukani ambayo huenda ikazibadilisha rangi, na utie alama kwa kalamu palipozidi wekundu au giza kabla hujaruhusu kazi iendelee.