Siku Duster ya mjomba iliporudi barabarani

Mjomba alinunua gari aina ya Plymouth Duster ya mwaka 1970 kutoka kwa mfanyakazi mwenzake, enzi zile yeye ni kijana mgeni Detroit, mshahara wa kiwandani ndiyo kwanza umeanza kuingia. Akaiendesha miaka kadhaa. Watoto wakazaliwa, bima ikawa mzigo, gari likaingizwa gereji ya nyuma ya nyumba pale Hazel Park, kando ya Detroit, na kufunikwa turubai. Nilipokuja Marekani kukaa kwake, juu ya turubai lile zilikuwa zimerundikwa ngazi, mabeseni na baiskeli za binamu zangu, na hakuna aliyelitaja kabisa.

Nililitaja mimi. Nilimwuliza chakulani kama gari lile ni zima. Akaweka kijiko chini, akaniangalia, akasema, "Njoo." Chakula tukakiacha mezani. Akasogeza turubai upande wa kioo cha mbele, akamulika tochi kwenye kibati cha namba kilichopo juu ya dashibodi. "Soma hapo. Hiyo H ni injini ya 340. Hiyo sifuri ni mwaka sabini. Na hiyo B, mjomba, ni Hamtramck. Hili gari limezaliwa hapo chini tu, ukitoka hapa hata chai haijapoa umefika." Kiwanda chenyewe, Dodge Main, kilifungwa mwaka 1980 na kubomolewa. Gari lilikuwa limebaki.

Kwa asiyeyajua magari haya: Wamarekani walichukua gari dogo la kawaida, wakalitia injini ya nguvu kupita mahitaji yake. Duster kwa chini ni Valiant, gari la mtu wa kawaida kwenda nalo sokoni. Ile 340 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, sawa na lita 5.6, silinda 8, na kiwanda kiliitangaza kuwa na nguvu farasi 275. Gari lilipotoka liliuzwa chini ya dola 3,000, ndiyo maana kijana wa kiwandani aliweza kulinunua. Muda si mrefu kampuni za bima zikaanza kuwakamua vijana hao, kisha mwaka 1973 mafuta yakaadimika, na magari ya namna hii yakapotea madukani. Mimi naona ni hasara kubwa. Sijakaa ndani ya gari jingine linalomwambia dereva waziwazi namna hii kinachoendelea chini ya boneti.

Kazi yenyewe ya kulifufua ilichukua majira mengi, na sehemu kubwa haina hadithi. Michigan humwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, na chumvi ilikuwa imekula sakafu upande wa abiria mpaka unaona zege la gereji. Tukakata, tukachomelea bati jipya. Tangi la mafuta lilinuka kama rangi iliyooza, tukaweka jipya. Mabomba ya breki yote yakatolewa, silinda za magurudumu ya nyuma zikabadilishwa, rejeta ikapelekwa kuzibuliwa. Jambo moja lilinishangaza: nati za magurudumu ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume. Mafundi wengi wa siku hizi huzikata kwa nguvu wakidhani zimekwama. Mjomba alinionyesha herufi L, ya "left" yaani kushoto, iliyogongwa kwenye ncha ya bolti, akasema gari likikupa maelezo yasome.

Ufundi aliuanza akiwa spanaboi kwenye karakana ya shamba la katani upande wa Muheza, chini ya malori ya Bedford. Huko, anasema, spea ilikuwa haiji, kwa hiyo kitu ulikitazama sana kabla ya kukigusa. Hata Detroit, kwenye duka la vipuri kila kona, mkono wake ulikuwa uleule. Alifungua kabureta, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, ile Carter ya midomo minne, akaipanga vipande vyake juu ya gazeti kwa mpangilio aliovitoa, na mkaza mjomba akakatazwa kupitisha ufagio karibu na meza ile.

Siku ninayotaka kuisimulia ni ya kuwasha injini. Tulikuwa tumeweka kamshafti mpya, ule mhimili wenye nundu unaofungua valvu, na tapeti mpya, vile vyuma vinavyosukumwa na nundu hizo, maana ya zamani ilikuwa imelika. Kwenye injini za kizazi kile tapeti husugua moja kwa moja juu ya nundu za kamshafti, na vyuma hivyo viwili lazima vizoeane katika dakika za mwanzo kabisa. Injini ikiwaka inatakiwa ipandishwe mara moja mpaka mizunguko 2,000 na zaidi kwa dakika, ikae huko karibu nusu saa, ikishuka na kupanda kidogo, ili mafuta yarushwe vizuri juu ya nundu. Ukiiacha ingurume chini chini, au ikizimika zimika, nundu inakwanguka na kazi yote imekwenda. Mafuta ya injini ya siku hizi yamepunguzwa zinki, ile inayokinga vyuma visikwanguane, kwa sababu ya vichujio vya moshi vya magari mapya, kwa hiyo tulinunua mafuta maalumu ya kazi hiyo.

Kabla ya kuwasha, mjomba alichomoa distributa, kile kigawa umeme wa plagi, akaingiza chuma kirefu cha pembe sita kwenye tundu lake, akafunga drili juu yake na kuizungusha pampu ya oili. Vifuniko vya valvu vilikuwa wazi. Mimi nilishika tochi. Drili ikaanza kulemewa, sauti ikashuka, presha imeingia. Lakini juu kukavu. Akaniambia niizungushe injini kwa spana kwenye puli, polepole, maana kwenye injini hii njia ya oili ya kila upande hupita kwenye kamshafti na hufunguka mahali pamoja tu. Nikavuta, nikasimama, nikavuta tena. Ghafla kwenye roka ya kwanza, mkono mdogo wa kusukuma valvu, upande wa kulia likatokeza tone la rangi ya asali, likavimba, likamwagika, na roka ya pili ikafuata, na ya tatu, mpaka mstari mzima ukawa unang'aa. Upande wa kushoto nao tukautafuta hivyo hivyo. Mjomba akazima drili, akasema, "Sasa ina damu."

Tukarudisha distributa. Akadondosha petroli ndani ya kabureta kwa sirinji ili isilazimike kuvuta toka tangini. Bomba la maji likavutwa mpaka mlangoni, feni ikaelekezwa mbele ya rejeta, mlango wa gereji ukafunguliwa wote. Mimi nikakaa kwenye usukani.

"Mjomba, macho kwenye geji ya oili. Nikiinua mkono, zima. Usiniulize."

"Sawa, mjomba."

"Sema bismillahi."

Nikasema, nikageuza ufunguo. Haikusuasua. Iliwaka kwa kishindo kilichonifanya nisikie meno yangu, na mjomba palepale akaivuta waya ya mafuta mpaka mlio ukatulia juu, mzito na sawasawa. Moshi wa grisi ya matengenezo ukajaa, ukatoka. Majirani wakajitokeza, mmoja baada ya mwingine, wakasimama uwani bila kusema kitu, kwa sababu ungesema usingesikika. Bomba za eksozi zikaanza kubadilika rangi. Mjomba hakuondoa mkono kwenye ile waya. Alikuwa ameinamisha sikio juu ya injini, akiipandisha kidogo na kuishusha kidogo, na midomo yake ilikuwa ikienda. Sindano ya oili haikuyumba. Muda ulipotimia akaachia, injini ikashuka, ikakaa kwenye ule mtikisiko wake wa kawaida, gari zima likicheza kidogo juu ya magurudumu. Akaniinulia mkono nizime. Nilipotoka nilimkuta ameegemea ukuta, anajifuta uso kwa tambara lililomchafua zaidi.

Michigan gari lililozidi miaka 25 linaweza kupewa namba za magari ya kihistoria. Namba hizo zina masharti, si za kuendea kazini kila siku, ila mwezi wa Agosti unaruhusiwa kuendesha utakavyo. Kwa hiyo tulingoja Agosti. Ni mwezi huohuo wa Woodward Dream Cruise, iliyoanza mwaka 1995, ambapo magari ya zamani kwa maelfu hujaa barabara ya Woodward kutoka Ferndale mpaka Pontiac. Jumamosi ya tamasha lenyewe hatukuitaka, foleni ile ingeichemsha injini mpya. Tulitoka Jumatano jioni, siku ambazo wenye magari huwa wameshaanza kuzunguka.

Niliendesha mimi. Gia ni za mkono, nne, na klachi yake ni nzito. Goti la kushoto la mjomba lilikuwa limefanyiwa upasuaji baada ya miaka ya kusimama kwenye mashine. Tukafuata barabara ya Nine Mile mpaka Ferndale, tukaingia Woodward kuelekea kaskazini. Pembezoni watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja, mzee mmoja akasimama na kupaza sauti, "Three-forty!" Mjomba akamjibu kwa Kiswahili, sijui kama alitambua. Tulipita bustani ya wanyama, tukapita Royal Oak, vioo vimeteremshwa, na penye nafasi nikakanyaga. Kabureta ikafungua ile midomo miwili mikubwa, sauti ikageuka, kiti kikanisukuma mgongoni.

Tulipofika mji wa Birmingham, hukohuko Michigan, mjomba akaniambia nisimame kwenye kituo cha mafuta. Nikadhani kasikia kitu. Akazunguka upande wangu, akafungua mlango.

"Shuka, mjomba."

"Na goti?"

"Goti ni langu."

Akaingia, akasogeza kiti, akabonyeza klachi mara mbili akikunja uso, akaweka gia ya kwanza. Aliendesha mpaka Pontiac, akageuza, akarudi nayo Woodward yote, na mpaka tunaingia uwani Hazel Park hakunipa tena usukani.