Kuna mashine tunaziua wenyewe kwa servisi

Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye ufundi mitambo viwanda vya korosho huku Mtwara, na kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Nimeona niliandike leo maana msimu unakaribia, na najua wenzangu wengi saa hizi wako chini ya mashine na spana mkononi wanafungua kila kinachofunguka.

Kwa asiyejua kazi yetu ilivyo, korosho ghafi zinaanza kuingia mwezi wa kumi minada ikifunguliwa, na hapo kiwanda hakilali tena. Boila inatoa mvuke, korosho zinapikwa, zinapozwa, zinakwenda kwenye visu kubanguliwa, kiini kinakaushwa halafu kinamenywa ile ngozi nyembamba ndo kinachambuliwa. Hatua moja ikikwama zote zimekwama. Na kina mama wanaobangua na kuchambua wengi wanalipwa kwa kilo, kwa hiyo mashine ikifa saa nne asubuhi usiseme hasara ni ya bosi peke yake, kuna mama kapanda bodaboda toka Mikindani alfajiri na anarudi nyumbani mikono mitupu. Mi hilo ndo linaniuma kuliko yote.

Sasa desturi ya viwanda vingi ni kwamba msimu ukiisha tunafanya ovahoo. Beringi zote, zile ringi mbili zenye gololi katikati zinazobeba shafti inayozunguka, nje, mpya ndani, sili mpya za kuzuia mafuta yasivuje, mikanda mipya, giaboksi inafunguliwa "tuichungulie". Ratiba imeshabandikwa ukutani, fundi anatiki tu. Na kila mwaka wiki ya kwanza ya msimu ndo wiki ya balaa. Tulikuwa tunasema mashine zimelala sana zimezubaa. Hapana jamani. Tulikuwa tumeziharibu sisi.

Miaka sita iliyopita, kiwanda nilichokuwepo jina naliacha, kulikuwa na mota ya feni inayovuta moshi wa boila. Imefanya kazi msimu mzima, haina kelele, haina joto, lakini ratiba ikasema beringi zibadilishwe na mimi nikazibadilisha kwa mkono wangu. Siku ya nne ya msimu ikaanza kulia, kama mtu anasaga mchanga. Siku ya tano ikakamata, haizunguki tena. Bila ile feni moshi hautoki, moto wa maganda unakufa, mvuke hakuna. Spea ikaletwa na basi kutoka Dar, siku mbili kiwanda kimya.

Kulikuwa na mzee mmoja, fundi wa zamani sana, alikuwa ameshastaafu ila anaitwaga mambo yakiwa magumu. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba ile beringi iliyokufa na grainda. Akaikata ringi ya nje vipande viwili, akaipangusa kwa kitambaa chenye dizeli, akaigeuza kwenye jua. Mle kwenye njia ya gololi kulikuwa na vishimo vidogo vidogo, vimepangana kwa umbali sawa kabisa, umbali uleule wa gololi na gololi. Akaniuliza, "Mwanangu, uliigonga wapi?" Nikamwambia nilipiga ringi ya nje kwa nyundo na kipande cha bomba mpaka ikaingia kwenye shafti. Hakufoka. Akasema, "Basi ilikufa siku hiyohiyo, ilikuwa inasubiri kuzikwa tu."

Ukipiga ringi ya nje wakati inayobana kwenye shafti ni ya ndani, nguvu yote ya nyundo inapita kwenye gololi na gololi zinachimba chuma. Inatakiwa uipashe joto nyuzi 110 hivi, isizidi 120, itanuke iteleze yenyewe mpaka mahali pake, na kama huna hita basi mafuta masafi kwenye karai, kipimajoto na subira. Na kama lazima upige, piga ringi ya ndani. Nilikuwa na cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na hiki kitu nilikuwa nimefundishwa. Ila haraka na mazoea vikanishinda.

Tangu siku ile nikaanza kusoma, na nikakuta watu walishaliona hili zamani mno. Wakati wa vita vya pili vya dunia Waingereza walikuwa na ndege za doria za baharini, zinafanyiwa ukaguzi kila saa 50 za kuruka. Mwanasayansi mmoja, C.H. Waddington, mtaalamu wa baiolojia wala si injinia, akapanga kumbukumbu za hitilafu kufuata saa zilizopita tangu ukaguzi. Ungetegemea hitilafu ziongezeke kadiri ndege inavyokaribia ukaguzi mwingine, si ndiyo? Ikawa kinyume, zilikuwa nyingi mara tu baada ya ukaguzi halafu zinapungua. Ukaguzi wenyewe ulikuwa unaleta ubovu.

Halafu mwaka 1978 Nowlan na Heap, watu wa shirika la ndege la United huko Marekani, wakatoa ripoti waliyoiandikia wizara ya ulinzi ya nchi yao. Walikuta vipuri ambavyo kweli vinachakaa kwa umri, kwamba ukivibadilisha kabla ya muda fulani unapata faida, ni asilimia 11 tu. Asilimia 89 umri hausemi kitu. Na asilimia 68 hatari yao kubwa ni vikiwa vipya, vikivuka hapo vinatulia. Najua zile ni ndege na sisi tunabangua korosho. Lakini niliposoma ile 68 nilikumbuka ile feni nikakaa kimya muda mrefu.

Sisemi tusifanye matengenezo, mtu asininukuu vibaya. Kuna vitu vinachakaa kwa saa na vinajulikana. Visu vya kubangulia vinakuwa butu, hivyo badilisha kwa hesabu. Yale mafuta ya ganda la korosho yanakula ngozi ya mtu na yanakula mpira, kwa hiyo sili na mikanda iliyo karibu nayo usiiamini. Bomba za boila ukichoma maganda zinajaa masizi yenye lami, lazima zisafishwe. Na boila kwa ujumla haina mjadala, sefti vavu inayoachia mvuke ukizidi, geji ya maji, ukaguzi wa OSHA, wale wa serikali wa usalama kazini, hapo ni roho za watu. Ninachogombana nacho ni kufungua mota nzima inayozunguka vizuri kwa sababu tarehe imefika.

Sasa badala ya kufungua tunafanya nini? Tunasikiliza. Bisibisi ndefu, ncha kwenye nyumba ya beringi, mpini kwenye sikio, kila Jumatatu na Alhamisi, na kipimajoto cha kupiga kwa mwanga, na daftari. Daftari ndo mhimili, maana joto la nyuzi 60 leo halikwambii kitu mpaka ujue wiki iliyopita lilikuwa 52. Na siku za kukagua usichague kwa kubahatisha. Kama beringi zako zikianza kulia zinachukua wiki tatu mpaka kufa, ukikagua mara moja kwa mwezi kuna zitakazoanza na kufa katikati hujazisikia hata siku moja.

Kitu kingine ni grisi, hapa tunaua mota nyingi sana. Zamani tulikuwa tunapampu mpaka itoke pembeni, tunaona ndo upendo. Grisi ikizidi inakorogwa na gololi, beringi inachemka, nyingine inasukumwa ndani mpaka kwenye waya za mota. Kanuni inayotumika ni kipenyo cha nje cha beringi kwa milimita, zidisha upana wake, zidisha 0.005, unapata gramu. Beringi namba 6310 ina kipenyo cha nje 110 na upana 27, kwa hiyo ni kama gramu 15. Tukaenda chumba cha ubora tukaomba ule mzani mdogo wa kupimia sampuli za korosho, dada pale hakufurahi ila akatupa, tukapampu mara kumi juu ya karatasi, ikaja gramu 13. Kumbe gramu 15 ni pampu kumi na moja au kumi na mbili, sisi tulikuwa tunapiga arobaini. Grisigani yako itatoa kiasi chake, ipime mwenyewe.

Na mashine zikilala. Huku kwetu kusi inavuma na chumvi ya bahari, mota ikikaa miezi mitatu haijageuka, gololi zimekalia sehemu ileile, grisi inakimbia pale na kutu inaingia. Kwa hiyo tunazungusha shafti kwa mkono kila Jumamosi, mizunguko kadhaa halafu robo ya ziada ili zisirudi pale pale. Kwenye kila kaplingi, kile kiungo cha shafti ya mota na ya mashine, tumepiga namba nne kwa rangi, moja mpaka nne, na anayezungusha anaandika kaiacha namba ngapi. Dakika arobaini kiwanda kizima, vijana wawili.

Mwaka huu ratiba ya ukutani ilisema tena feni ya moshi ibadilishwe beringi. Siyo ile ya hadithi, ya kiwanda nilichopo sasa. Nilikaa na injinia, tukafungua daftari, msimu wote joto lilikuwa kati ya 54 na 58, sauti safi. Aliogopa, na namuelewa kwa sababu ikifa ataulizwa yeye. Tukakubaliana beringi mpya ikae stoo kwenye karatasi yake ya mafuta bila kufunguliwa, na kwenye ratiba tukaandika "isiguswe, isikilizwe", tukasaini wote wawili. Jumamosi hii nimeiacha namba tatu.