Nilivyojifunza kumwandikia mwenye nyumba kuhusu matengenezo madogo

Katika miezi minne ya mwanzo ya upangaji wangu, taarifa zangu zote kwa mwenye nyumba nilizitoa kwa mdomo, mlangoni au kwenye ngazi, tena katikati ya maamkizi. "Shikamoo mama. Halafu ile koki ya jikoni bado inavuja kidogo." Naye alinijibu kwa upole kwamba atamleta fundi, na sina shaka alikusudia hivyo, ila kabla hajafika kwake neno langu lilikuwa limeshafunikwa na mambo mengine kumi. Mimi nami, kwa kuona haya kumsumbua mtu mzima kwa ajili ya matone, nilikaa wiki tatu bila kumkumbusha, na nilipomkumbusha nikalitumia tena neno lile lile "kidogo", ambalo naamini ndilo lililonichelewesha kuliko jambo jingine lolote.

Kilichonizindua ni kabati la chini ya sinki. Siku moja nilitoa vyombo vyote ili nipasafishe, nikakuta ubao wa chini umevimba na kuinuka pembeni, na nilipoubonyeza kidole kikazama. Ukutani nyuma ya bomba kulikuwa na kuvu jeusi la ukubwa wa kiganja. Usiku ule nilikaa nikausoma mkataba wangu, kazi niliyopaswa kuifanya siku ya kutia saini, nikaona kifungu kisemacho kwamba mpangaji hatadaiwa kwa uchakavu wa kawaida, lakini atadaiwa kwa hasara itakayotokana na yeye kuchelewa kutoa taarifa. Maana yake ni kwamba kilichochakaa kwa umri wake kilikuwa mzigo wa mwenye nyumba, ila ubao uliooza ungeweza kunigeukia mimi na kukatwa katika amana yangu, kwa kuwa sikuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba niliwahi kusema.

Nikaandika barua. Ilikuwa barua mbaya, nakiri. Ilianza na malalamiko ya miezi minne na kuishia na agizo: koki imekufa, naomba niwekewe mpya. Hata hivyo maandishi yalifanya kazi ambayo maneno yalishindwa, kwani siku mbili baadaye fundi alikuja na koki mpya mkononi, akaifunga, akaondoka. Asubuhi iliyofuata kabati lilikuwa na maji vile vile. Aliporudi mara ya pili, akiwa amechoshwa nami kwa haki kabisa, alilala chali chini ya sinki na tochi mdomoni, kisha akanionyesha nati ya mpira unaopeleka maji kwenye koki, iliyokuwa ikitoa tone moja taratibu na kulitelezesha kwenye mpira hadi ubaoni. "Ndugu yangu," aliniambia, "wewe niambie unachokiona. Kujua ni kitu gani, niachie mimi."

Tangu siku hiyo sijawahi kumwandikia mwenye nyumba jina la ugonjwa. Ninaandika dalili, na dalili nazitafuta kwanza. Kwa uvujaji wa maji, nakausha kila kitu kwa kitambaa, kisha nazungushia karatasi laini ya chooni kwenye kila kiungio na kuangalia ni ipi inayolowa mwanzo, maana maji hudondokea mbali na yanapotokea. Kwa choo kinacholia usiku kucha, natia matone machache ya rangi ya chakula ndani ya tangi na kuacha nusu saa bila mtu kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli, maji yanapita chini ya kizibo cha ndani. Isipoonekana, na maji yapo juu hadi kwenye mdomo wa bomba la kumwagia ziada, basi naeleza kwamba maji hayakomi kuingia. Kwa kila tone ninaloweza kulikinga, nakinga na kupima. Ile nati, baada ya kukazwa vibaya na kuanza tena kuvuja mwezi uliofuata, niliiwekea chombo kikajaza nusu lita kwa saa 2, yaani lita 6 kwa siku na takriban lita 180 kwa mwezi. Bili ya maji ilikuwa ya mwenye nyumba. Ujumbe ule aliujibu ndani ya dakika chache.

Ulisomeka hivi: "Mama, natoa taarifa ya maji yanayovuja jikoni, chini ya sinki, kwenye nati ya mpira wa upande wa kushoto. Nimeona tangu tarehe 6. Yanajaza nusu lita kwa saa 2. Nimefunga koki ndogo ya chini na nimeweka chombo, hivyo ubao haulowi. Naomba fundi aje kuangalia. Nitakuwepo nyumbani kila siku kuanzia saa 11 jioni, na Jumamosi siku nzima. Picha mbili ziko hapa chini." Hakuna mapambo, wala hakuna lawama. Sehemu ambayo wapangaji wengi huisahau, nami niliisahau mara nyingi, ni ile ya siku na saa za kupatikana. Fundi alishawahi kuja mara mbili akakuta mlango umefungwa, na katika kumbukumbu za mwenye nyumba mimi ndiye niliyemkwamisha. Kuhusu picha, napiga moja ya mbali inayoonyesha ni chumba gani, na nyingine ya karibu yenye rula au sarafu pembeni ya ufa, kwa sababu ufa uliopigwa picha peke yake unaweza kuwa wa kidole au wa ukuta mzima.

Siku 7 zikipita bila jibu, narudisha ujumbe ule ule, bila kubadilisha neno, na juu yake naongeza mstari mmoja tu wa kukumbusha. Inahitaji kujizuia, hasa siku ya saba inapoangukia siku ambayo umeshinda ukipangusa maji.

Si kila kitu kinasubiri maandishi. Soketi ya chumbani ilipoanza kuwa ya moto ukiigusa, na plastiki yake ikaonyesha doa la kahawia, nilichomoa kila kitu, nikakata umeme wa upande ule kwenye swichi kubwa, nikapiga simu usiku ule ule. Fundi umeme alikuta skrubu ya waya imelegea ndani. Baada ya yeye kuondoka ndipo nilipoandika mistari miwili ya kueleza kilichotokea na kilichofanyika, ili simu nayo iwe na kumbukumbu yake. Kwa upande mwingine, bawaba ya kabati iliyolegea kwa kuwa tundu la skrubu limepanuka niliomba ruhusa niitengeneze mwenyewe. Nilijaza tundu kwa njiti za kiberiti zilizopakwa gundi, nikaacha zikauke, nikafunga skrubu upya. Ruhusa niliiomba kwa maandishi pia, ingawa kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko ujumbe.

Nilipohama, mama mwenye nyumba alikuja kukagua, akiwa na miwani na faili lake. Alifungua kabati la jikoni, akaliona doa la zamani kwenye ubao, akanitazama. Nikamtajia tarehe ya barua yangu ya kwanza. Alipekua faili taratibu, akaipata, ile barua yangu mbaya yenye malalamiko, akaisoma yote akiwa amesimama, kisha akatikisa kichwa na kucheka kidogo. "Ulikuwa na hasira wewe," alisema, akalifunga kabati.

Tukaenda sebuleni, kwenye matundu saba ya misumari niliyoning'inizia picha bila kumwambia mtu. Hayo nililipia mimi.