Ayubu Aliamka Baada ya Karamu

Leo jioni, nikiwa kwenye foleni ya tiketi katika kituo cha mabasi cha Machakos hapa Nairobi, mfuko wa vitunguu vya soko la Marikiti ukiwa miguuni na nauli ikiwa imepanda kama ilivyo kila Desemba, nilikumbuka kwamba siku nne zimepita bila mimi kupiga magoti. Nafasi nilikuwa nayo. Nilichokuwa nacho kichwani ni hesabu: fedha za chama chetu cha akiba, nguo za watoto kutoka soko la Gikomba, bei ya mbuzi kule nyumbani, na nani atalala chumba kipi.

Kwa miaka mingi nimejihesabu salama majira haya kwa sababu pombe siionji. Vijana wa mtaani wakirudi alfajiri wakipepesuka, mimi huwaombea, nikidhani onyo la kukesha linawahusu wao. Usiku huu nimefungua Luka 21:34 nikaona kwamba Bwana Yesu aliyaweka masumbufu ya maisha mstari mmoja na ulafi na ulevi, kwamba yote hayo huulemea moyo hadi siku ile ya kurudi kwake imnase mtu ghafla. Nami wiki nzima mama mkwe amekuwa akinisifu kwa simu kwa maandalizi yangu.

Namfikiria Ayubu. Wanawe saba walifanya karamu kwa zamu, wakiwaalika dada zao watatu, na Maandiko hayasemi kwamba aliwakataza. Wala mimi sioni sababu ya kuchukia sherehe, ikiwa Bwana mwenyewe alihudhuria harusi kule Kana. Lakini siku za karamu zilipokwisha, Ayubu aliamka mapema akatoa sadaka za kuteketezwa kwa hesabu yao wote, akihofu kwamba huenda wamemkosea Mungu mioyoni mwao. Huenda tu, hakuna aliyemletea habari mbaya. Mimi husubiri habari mbaya zije ndipo nifunge na kuomba.

Kwa hiyo tarehe 26, sufuria zikiwa bado hazijaoshwa, nitaamka saa 10 alfajiri niwataje watoto wangu kwa majina, nikianza na mkubwa, ambaye Krismasi iliyopita aliniambia kwamba hajui kama bado anaamini, nami nikamjibu kwamba tutazungumza sikukuu ikiisha. Hatukuzungumza. Katika tiketi nilizokata leo, kiti changu na chake vimepakana.