Nilivyotafuta chanzo cha breki ya mbele iliyokuwa inakamata

Kwenye mteremko wa Bugando hapa Mwanza, breki inayokamata bila kuachia utaijua kwa pua: harufu ya kuungua inaingia dirishani kabla hujafika chini. Gari langu, Toyota IST, lilikuwa linavutia kulia kila nikigusa pedeli. Nikiegesha, ringi ya mbele kulia ilikuwa ya moto kiasi kwamba mkono haukai, ya kushoto vuguvugu tu. Gereji moja waliniambia ninunue pedi na kalipa nzima, yaani kile kibano kinachobana pedi kwenye diski, na hata tairi hawakufungua. Sikukubali. Pedi mpya juu ya tatizo lilelile zitaisha vilevile.

Nikaifanya kazi nyumbani, Nyegezi. Mawe Mwanza hatukosi, nikazuia tairi za nyuma, nikavuta handbreki, nikalegeza nati gari likiwa bado chini. Nikalipiga jeki, nikaweka na stendi, maana jeki peke yake haiaminiki.

Tairi lilizunguka kwa shida. Hapo ndipo nikafanya kipimo ambacho natamani kila mwenye gari akijue: nikachomeka mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutolea upepo na kuifungua kidogo. Tairi likilegea papo hapo, basi kuna presha iliyonaswa, na mara nyingi ni mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa, ulioziba kwa ndani. Langu halikulegea. Kwa hiyo kilichokwama kilikuwa kwenye kalipa yenyewe.

Nikafungua bolti ya chini kwa spana namba 14, nikainua kalipa na kuifunga kwa waya wa nondo ili isining'inie kwenye mpira wake. Vumbi nililifuta kwa kitambaa kibichi; halipulizwi, ni baya kwa mapafu. Pedi ya nje ilikuwa bado nene. Ya ndani ilikaribia chuma.

Kalipa za aina hii zina pistoni upande wa ndani tu. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza kwenye pini mbili na kuivuta pedi ya nje. Pini zikikwama, ya ndani inabeba mzigo wote. Lakini pistoni isiyorudi nayo inakula pedi ya ndani, kwa hiyo nilipima vyote viwili. Pistoni niliibana kwa klampu ya seremala nikitanguliza pedi ya zamani, huku naangalia mafuta ya breki yasifurike maana yanakula rangi ya gari. Ilirudi vizuri. Pini ya juu iliteleza. Ya chini haikutikisika. Niliizungusha na kuivuta mpaka ikatoka na kutu nyekundu. Kimpira kinachoikinga kilikuwa kimechanika, maji na vumbi vimeingia, grisi imekuwa tope gumu.

Pini niliisugua kwa msasa laini. Tundu lake nililisafisha kwa kitambaa chenye spiriti kilichozungushwa kwenye kijiti, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Nikaweka vimpira vipya na grisi ya silikoni ya breki. Usikubali grisi ya kawaida hapa: inavimbisha mpira na pini inakwama upya. Pedi nilibadilisha kulia na kushoto kwa pamoja. Diski haikuwa na mifereji, na unene wake ulikuwa juu ya kiwango cha chini kilichochongwa juu yake.

Kwa kuwa skrubu ilishafunguliwa, ilibidi kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki. Mdogo wangu alikaa kwenye usukani.

"Kanyaga, dogo. Shikilia."

"Nimeshikilia, kaka."

Nafungua, nafunga, ndipo naye anaachia, mpaka mapovu yakaisha. Nilitumia chupa mpya ya mafuta ya breki aina ya DOT 3. Mafuta haya yananyonya unyevu: yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205, yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. Kwenye milima yetu hiyo ni hatari kweli, yakichemka pedeli inazama hadi chini.

Kabla gari halijasogea nilipampu pedeli hadi ikawa ngumu, kwa sababu pistoni ilikuwa imerudishwa nyuma. Nikaenda polepole hadi Buhongwa na kurudi, nikifunga breki kidogo kidogo. Usukani ulinyooka, na ringi zote mbili zilikuwa na joto sawa.

Kimpira cha pini ya kushoto nacho kimeanza kupasuka. Cha kubadilishia nimeshanunua, na dogo amesema safari hii anafungua yeye.