Bajeti ya Mwezi wa Mei

Niliacha kazi ya mapokezi hotelini mwaka niliotimiza miaka 51, na hapa Malindi swali ninaloulizwa sana ni moja: ulikuwa ukiweka asilimia ngapi ya mshahara? Asilimia sikuwa nayo. Nilikuwa na bajeti ya mwezi wa Mei.

Mtu wa hoteli anaijua Mei. Pasaka ikishapita, watalii wa Kiitaliano wanarudi kwao, masika yanashika, na hoteli nyingi zinafunga milango mpaka karibu na Julai. Kuna wanaopewa likizo bila malipo, na kuna ambao mkataba wao unaishia hapo hapo. Bahari imechafuka kwa upepo wa kusi, samaki hakamatiki kwa bei. Kwetu Mei ilikuwa sima, mchicha, dagaa na maharagwe, na tuktuk hupandi ila mvua ikunyeshee. Hakuna aliyelala njaa. Agosti ikifika mshahara umerudi, bakhshishi za yuro zinaingia, na nyumba nzima inapanua mkono.

Nilianza kuandika matumizi kwenye daftari kuukuu la wageni, upande wa nyuma. Agosti ilikuwa karibu mara mbili ya Mei, na watu ni wale wale, sufuria ni zile zile. Hapo nikajua gharama halisi ya nyumba yangu ni ipi.

Basi pesa zote za msimu zikawa zinaingia akaunti moja ambayo haikuunganishwa na simu, na tarehe mosi ya kila mwezi, Agosti au Mei, nailipa nyumba mshahara ule ule: kipimo cha Mei na nyongeza kidogo. Kilichobaki hakina ruhusa ya kupita jikoni.

Baba watoto aliposikia aliweka kijiko chini. "Mama watoto, yaani tutakula Mei mwaka mzima?" Tukaelewana hivi: Jumapili ni samaki changu wa kupaka, mkubwa, na nazi ya kutosha, na bei yake haijadiliwi. Naona mipango mingi ya kubana matumizi inavunjika kwa kukosa Jumapili kama hiyo. Mtu anavumilia miezi, kisha siku moja anaingia dukani na kutoka na televisheni.

Vitu vitatu sikuvipunguza: karo, dawa za mama yangu, na matanga. Hili la mwisho washauri wa fedha huliita upotevu, na nadhani hawajawahi kufiwa Kigiriama. Jamaa wakikusanyika kwa siku kadhaa, mchele, sukari na usafiri vinataka watu, na anayekosekana kwa wenzake, wenzake nao hukosekana kwake. Nilichofanya ni kuyawekea mfuko wake, kiasi fulani kila mwezi afe mtu asife. Mfuko ukikauka nilikwenda kwa mikono yangu, nikachota maji na kupika. Hilo nalo linahesabiwa, tena sana.

Kuhusu kiasi cha kustaafia, kanuni inayotajwa zaidi ilitokana na kazi ya Mmarekani William Bengen, aliyoichapisha 1994. Aliangalia historia ya hisa na bondi, yaani hati za mkopo, za Marekani akaona kwamba mtu akitoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akiongeza kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei, pesa ingemfikisha miaka 30. Igeuze: unahitaji mara 25 ya matumizi ya mwaka. Shilingi yetu si dola, na anayestaafu akiwa na 51 anaweza kuhitaji zaidi ya miaka 30. Ila hesabu yenyewe ilinifungua macho kwa jambo jingine. Ukipunguza matumizi kwa shilingi 4,000 kwa mwezi, hiyo ni 48,000 kwa mwaka. Zidisha mara 25: lengo lako limeshuka kwa 1,200,000. Na wakati huo huo zile 4,000 zimeingia akiba. Mshahara wa mapokezi haungenipandishia 1,200,000 hata ningemwomba meneja kwa Kiitaliano cha Kirumi.

Mahali pa kuziweka palinisumbua zaidi. Machi 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje, zikarudi Agosti, na Italia yenyewe ilikuwa taabani. Mei ile haikuisha. Mwenzangu wa jikoni ni Mwislamu asiyegusa riba, naye akiba yake aliijengea vyumba vya kupangisha kule Maweni. Vyumba vizuri, na kwake ndiyo njia sahihi. Lakini wapangaji wake walikuwa wahudumu wa hoteli, waendesha bodaboda na wauza vinyago. Hoteli zilipofungwa, kodi ilifungwa nazo. Malindi karibu kila shilingi ina mchanga wa ufuo, kwa hiyo nilitaka yangu itoke mbali.

Nikaenda kwenye bondi za serikali. Unaanza na shilingi 50,000, na tangu 2023 Benki Kuu ina mfumo wa DhowCSD unaokuwezesha kununua kwa simu bila kusafiri. Riba inalipwa kila miezi sita. Bondi ya miaka 10 au zaidi inakatwa kodi ya asilimia 10 kwenye riba, ya muda mfupi zaidi asilimia 15, na zile za miundombinu hazikatwi. Ubaya wake ni kwamba riba haipandi: utalipwa shilingi zile zile mwaka wa tisa, unga ukiwa umepanda. Ndiyo maana robo ya kila malipo hairudi nyumbani, inasubiri kununua bondi nyingine. Robo tatu naigawa kwa sita, na tarehe mosi bado ipo.

NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, sikuiegemea. Kwa miaka mingi, mpaka viwango vipya vilipoanza Februari 2023, makato yalikuwa 200 zangu na 200 za mwajiri kwa mwezi. Inaruhusu kuchukua ukistaafu kuanzia miaka 50. Mimi yangu nimeiacha hadi 60. Bima ya afya ndiyo ya kukaa nayo macho. Ukiwa na ajira SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, inakata asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, ukitoka unapimwa uwezo wa kaya yako na kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, isiyopungua 3,600. Ina mfuko wake, jirani na wa matanga.

Na niseme wazi, baba watoto bado anaendesha tuktuk. Katika hesabu nilimwandikia kiasi anacholeta Mei tu. Akileta zaidi, ni zake, na mara nyingi huishia kwenye yule changu.

Linalonipa kazi sasa ni jamaa. Mstaafu hudhaniwa ameketi juu ya gunia. Mpwa wangu alikuja juzi kutaka mtaji wa pikipiki. "Shangazi, wewe pesa unazo, zimelala tu." Nikamwonyesha daftari, ukurasa wa mwezi huu, kila mstari una jina lake. Akalisoma lote, akauliza kama bondi inaweza kununuliwa na mtu asiye na kazi ya ofisi. Nikamwambia akilete kitambulisho na namba ya mlipakodi ya KRA Jumapili, aje kabla ya chakula.